Walioacha asili ili wasiwe watumwa

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii nimeiandika ubaoni mara zisizo na idadi katika miaka yangu ya kufundisha historia hapa Migori, na kila mara niliiandika bila shaka yoyote, kama mtu anayeandika kwamba jua huchomoza mashariki. Muhula uliopita nilisita. Nilikuwa nimewapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kufanya nyumbani: kila mmoja awaulize wazee wake majina ya waliomtangulia, ayapange kwa utaratibu, kisha aje kuyasoma mbele ya darasa. Msichana mmoja alisoma majina ya upande wa baba mpaka akafika babu wa tisa bila kukwama, na wenzake wakampigia makofi. Nilipomwuliza upande wa mama, alitaja jina la nyanya yake, kisha akanyamaza.

Sikumkemea. Mimi nami ninaye nyanya niliyemficha, na habari yake nitaieleza kabla sijaweka kalamu chini. Siku ile niliwasimulia wanafunzi wangu maisha ya mtu aitwaye John Punch, ambaye alifariki zaidi ya miaka 300 iliyopita katika nchi iliyo mbali sana na ziwa letu, na ambaye habari zake zimenifunza kuitazama upya methali ile niliyoizoea.

Huenda msomaji akauliza mtu wa Virginia, Marekani, anahusiana vipi na sisi wa Nyanza Kusini. Jibu halihitaji safari ndefu. Ukipanda matatu hapa Migori, ukapitia Rongo hadi mji wa Homa Bay, kisha ukafuata barabara inayopakana na ziwa, utafika Kendu Bay. Karibu na hapo ndipo palipo Kanyadhiang, kijiji cha ukoo wa Obama. Mzee Hussein Onyango Obama aliishi huko kabla ya kuhamia Kogelo, ng'ambo ya ghuba. Mwanawe, Barack Obama mkubwa, alisafiri mwaka wa 1959 kwenda kusoma Hawaii, akaoana huko na Ann Dunham, msichana wa Kizungu aliyezaliwa Kansas, na mwaka wa 1961 wakajaliwa mtoto ambaye alikuja kuwa Rais wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2017.

Tangu uchaguzi wa mwaka wa 2008, wageni wamemiminika Kanyadhiang na Kogelo wakitafuta mizizi ya Kiafrika ya kiongozi huyo. Hakuna aliyewaza kuitafuta mizizi hiyo Kansas. Kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba Uafrika wake ulitoka kwa baba na Uzungu wake kwa mama, na kwamba mambo yaliishia hapo. Kumbe upande wa mama nao ulikuwa umemhifadhi Mwafrika kwa zaidi ya karne tatu bila mtu kumtaja. Mwafrika huyo ndiye John Punch.

Na tuanze mwanzo. Virginia ilikuwa koloni la Waingereza, lililoasisiwa Jamestown mwaka wa 1607. Utajiri wake ulikuwa tumbaku, na tumbaku ni zao linalodai mikono mingi. Mikono hiyo mwanzoni ilikuwa hasa ya Wazungu maskini kutoka Ulaya, ambao walitia sahihi mikataba ya kumtumikia tajiri kwa miaka kadhaa ili walipiwe nauli ya meli. Miaka ya mkataba ikiisha, mtumishi alikuwa huru na aliweza kujitafutia ardhi, akawa mlowezi kama wengine. Mwaka wa 1619 waliletwa Waafrika wapatao 20, mateka kutoka Angola. Katika miaka hiyo ya awali mipaka kati ya mtumishi na mtumwa haikuwa imechorwa barabara katika sheria za koloni hilo. Alikuwapo Mwafrika kama Anthony Johnson, ambaye alitumika, akapata uhuru wake, na kufikia mwaka wa 1651 alikuwa na ekari 250 za shamba.

Katika hali hiyo ndimo alimoishi John Punch. Karatasi za koloni hazikuandika alizaliwa wapi, mama yake alimwita nani, wala alivuka bahari kwa meli gani. Zinamtaja mara moja tu, pale alipokosa mbele ya macho ya wakubwa. Alikuwa mtumishi wa mwenye shamba aitwaye Hugh Gwyn. Mwaka wa 1640 alitoroka pamoja na watumishi wenzake wawili: Victor, aliyetajwa kuwa Mholanzi, na James Gregory, Mskoti. Watatu hao walikimbilia koloni jirani la Maryland. Wakasakwa, wakakamatwa, wakarudishwa Virginia na kufikishwa mbele ya Gavana na Baraza lake, ambao ndio waliokuwa mahakama kuu ya koloni.

Wazee wetu waliobeba kipande shingoni wataielewa kesi hii bila kufafanuliwa. Hapa Kenya pia, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mwafrika aliyemtoroka mwajiri wake wa Kizungu kabla ya mkataba kuisha alihesabiwa kuwa mhalifu, na kipande kile ndicho kilichomwezesha polisi kumfuata mpaka kwao. Kwa hiyo hatushangai kusikia kwamba watoro watatu wa Virginia waliadhibiwa. Linaloshangaza ni namna walivyoadhibiwa.

Hukumu ilitolewa tarehe 9 Julai 1640. Wote watatu walipigwa viboko 30 kila mmoja. Baada ya hapo njia zikaachana. Victor na James Gregory waliamriwa wamalize miaka ya mikataba yao, waongeze mwaka mmoja kwa bwana wao, kisha walitumikie koloni miaka mitatu. Baada ya hapo wangekuwa watu huru. Huyo wa tatu, ambaye mahakama ilimtambulisha kuwa mtu mweusi aitwaye John Punch, aliamriwa amtumikie bwana wake, au yeyote ambaye bwana wake angemkabidhi, muda wote wa uhai wake.

Kosa lilikuwa lile lile, na siku ya kutoroka ilikuwa moja. Mahakama haikusema kwamba Punch aliwashawishi wenzake, wala kwamba alimpiga mtu au kuiba kitu. Kilichomtofautisha ni ngozi. Ndiyo sababu wanahistoria wengi humhesabu John Punch kuwa Mwafrika wa kwanza katika Virginia ambaye kumbukumbu za mahakama zinaonyesha wazi akihukumiwa utumwa wa maisha. Miaka 21 baadaye, mwaka wa 1661, sheria ya koloni hilo ilikiri waziwazi kwamba walikuwapo Waafrika wasioweza kuongezewa miaka ya utumishi kama adhabu, kwa kuwa miaka yao yote ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Lililoanza kama adhabu ya mtu mmoja lilikuwa limegeuka desturi, na desturi ikageuka sheria.

Mwenye kusoma kumbukumbu za mahakama angeweza kufunga kitabu hapo, akaamini kwamba maisha ya Punch yalikwisha siku ile. Lakini mtu aliyefungwa maisha bado ni mtu. Watafiti wa nasaba wanahitimisha kwamba Punch alizaa na mwanamke wa Kizungu aliyekuwa huru. Jina la mwanamke huyo halikuandikwa popote. Hata hivyo yeye ndiye aliyebeba hatima ya ukoo mzima, kwa maana mwaka wa 1662 Baraza la kutunga sheria la Virginia liliamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, mama akiwa huru, mtoto ni huru. Sheria hiyo iliwaletea watoto wa akina mama Waafrika msiba uliodumu miaka 200. Kwa uzao wa Punch ilikuwa ngao. Baba alikufa akiwa mali ya mtu. Wanawe waliishi huru kwa sababu ya tumbo la mama asiye na jina.

Makarani wa zama hizo waliandika majina kwa jinsi masikio yao yalivyosikia, na Punch likawa Bunch. Mnamo 1662 John Bunch alipewa hati ya shamba huko Virginia. Wajukuu walioa na kuolewa na majirani wa Kizungu, na rangi ikaendelea kufifia. Hata hivyo sheria ilikuwa macho. Mwaka wa 1691 koloni lilipiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na watu weusi au machotara. Mwaka wa 1705 John Bunch mwingine, mzao wa yule wa kwanza, alikataliwa na kasisi wa parokia yake alipotaka kumwoa Sarah Slayden, mwanamke wa Kizungu. Wawili hao walipeleka ombi lao mbele ya Baraza la Virginia, na wakubwa wakaanza kushauriana kuhusu nani hasa aitwe chotara. Mwaka huo huo sheria ilitoa jibu: mtoto, mjukuu na kitukuu wa mtu mweusi, wote ni machotara.

Hebu fikiria, msomaji, maana ya sheria kama hiyo katika nyumba ya watu. Kumtaja babu wa baba yako kulitosha kukunyima mke, kukuondolea heshima na kukupunguzia haki mbele ya sheria. Chombo cha kujiokoa kilikuwa kimoja: kunyamaza. Mzee hakumwambia mjukuu. Mama alifunga mdomo mbele ya wanawe. Familia ikahama kutoka mashariki ya Virginia, ikaenda mahali ambapo hakuna aliyekijua kisa chake, na baada ya vizazi kadhaa hapakuwa na haja ya kuficha tena, kwa kuwa hapakuwa na aliyekumbuka. Katika karne ya 19 walikuwa Tennessee, wakiandikwa kuwa Wazungu na kujiamini kuwa Wazungu. Kwa Anna Bunch ukoo ulipita kwa akina Allred na McCurry mpaka Kansas, kwa Leona McCurry, kwa binti yake Madelyn Payne, na kwa binti wa Madelyn, ambaye ndiye Ann Dunham.

Hapo ndipo nilipositia mbele ya ubao. Akina Bunch waliiacha asili ili wasiwe watumwa. Methali yetu inasema kweli, ila inamsema aliye na hiari. Haikumkadiria mtu ambaye asili yake ilifanywa kuwa hati ya mashtaka.

Swali la mwanafunzi yeyote makini ni hili: basi habari hizi zilijulikanaje? Mwezi Julai mwaka wa 2012 kampuni ya Ancestry, inayoshughulika na utafiti wa nasaba, ilitangaza kwamba wataalamu wake wamemfuata Barack Obama kupitia kwa mama yake vizazi 13 kupanda juu hadi kwa John Punch. Walitumia hati za mashamba, kodi, ndoa na mirathi, wakaongezea ushahidi wa vinasaba. Wanaume wa leo wenye jina la Bunch, watu waonekanao Wazungu watupu, walipopimwa, alama inayorithiwa kutoka baba hadi mwana ilionyesha chimbuko la Afrika kusini mwa Sahara. Kazi yao ilipitiwa na Elizabeth Shown Mills, bingwa wa taaluma hiyo, naye akairidhia.

Lakini mwalimu wa historia hana ruhusa ya kusema zaidi ya ushahidi. Kumbukumbu nyingi za mahakama ile ziliteketea kwa moto huko Richmond mwaka wa 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikimalizika. Hapana karatasi moja isemayo kwamba John Bunch ni mwana wa John Punch. Kiungo hicho kimejengwa kwa hoja: jina linalokaribiana mno, zama zile zile, koloni lile lile, vinasaba vya Kiafrika, na kutokuwapo kwa Mwafrika mwingine anayejulikana Virginia wakati huo mwenye jina kama hilo. Ni hoja nzito, na wenye ujuzi wanaikubali, lakini ni hoja. Mwanafunzi anayejifunza kutofautisha hati na hoja amejifunza nusu ya somo la historia.

Sasa nirudi nyumbani. Sisi Wajaluo tunajivunia kumbukumbu isiyohitaji karani. Katika ukoo ule wa Kanyadhiang wazee humtaja Obongo aliyevuka kutoka Kogelo, akamzaa Okoth, Okoth akamzaa Opiyo, Opiyo akamzaa Obama, Obama akamzaa Onyango. Mnyororo huo haukuungua Richmond. Lakini uusikilize tena. Ni nani aliyewazaa hao wote? Orodha inapita kwa wanaume pekee, kana kwamba walizaana wao kwa wao. Ndiyo maana wageni wote wa mwaka wa 2008 walimtafuta Mwafrika upande wa baba, na wala si wao tu. Sisi nasi tulitafuta huko huko.

Ajabu ni kwamba lugha yetu yenyewe inatusuta. Tazama majina ya sehemu zetu: Kanyamkago hapa Migori, Kanyamwa na Kanyidoto kule Ndhiwa, Kanyada karibu na mji wa Homa Bay, na Kanyadhiang yenyewe. Katika sauti hiyo ya mwanzo sikio la Mjaluo linasikia nyumba ya binti wa fulani. Waliotutangulia walijua kwamba boma la mwanamume mmoja hugawanyika kwa nyumba za wake zake, na kwamba ukoo mara nyingi huanzia mlangoni mwa mama. Tumeyahifadhi majina hayo kwenye ramani na vibao vya barabarani, tukawasahau mabinti.

Niliahidi habari ya nyanya yangu. Mama mzaa mama yangu alikuwa Mkuria. Aliolewa upande wetu akiwa msichana, akapewa jina la Kijaluo, akakisema Kijaluo kama mzaliwa, na siku za mvua, mlango ukiwa umefungwa, alitubembeleza kwa Kikuria. Nilipokuwa shule ya msingi, kila ng'ombe walipoibwa mpakani, watoto walianza kunyosheana vidole. Siku moja mwenzangu aliniuliza mbele ya wengine kama ni kweli kwetu kuna Mkuria. Nilisema hapana. Nilirudi nyumbani nikala ugali alioupika kwa mikono yake.

Hakuna sheria ya Virginia iliyonilazimisha. Nilikuwa mtoto mwoga, basi. Lakini nilikana kwa sababu ile ile iliyowafanya akina Bunch wakane: mazingira yalikuwa yameigeuza asili kuwa kosa. Nyanya alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza baba yake aliitwa nani na mama yake alitoka ukoo gani. Nilipovuka kwenda upande wa Kehancha nikiwa mtu mzima, wazee niliowakuta walinipa majina mawili tu. Kwa upande wa baba ninayo kumi na moja. Pengo hilo halitazibwa na kampuni yoyote ya nasaba, kwa kuwa waliokuwa na majina hayo vifuani mwao wamekwisha kwenda nayo.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: mnapowapa wanafunzi kazi ya nasaba, msikubali orodha ya akina baba peke yake. Waambieni wamwulize nyanya angali hai, wamwulize na mama yake nyanya, alitoka wapi, alizungumza lugha gani kabla hajaolewa, na jina gani aliliacha langoni. Hapa Migori na Homa Bay, ambako Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya na wengine wameoana kwa vizazi vingi, majibu yatatushangaza, na pengine yatatupunguzia kiburi siku za siasa, pale tunapoambiwa kwamba jirani ni mtu wa kabila jingine.

Nanyi wanafunzi, mkikuta mahali ambapo wazee wananyamaza, msiwalaumu upesi. Pengine chini ya ukimya huo yumo John Punch wa kwenu. Yule msichana wa kidato cha tatu alirudi wiki iliyofuata akiwa na majina manne ya akina mama, na la tatu halikuwa la Kijaluo. Aliyasoma kwa sauti ya chini, kisha akaketi. Methali niliiacha ubaoni kama ilivyo, ila chini yake niliandika swali, ambalo nalikabidhi kwako pia, msomaji: aliyeiacha asili, ni nani aliyemlazimisha?